Anayebeba machela naye aulizwe amelalaje

Ndugu Mhariri,

Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa, huu mwaka wa 14, katika hospitali moja kando ya barabara kuu mkoani Tanga. Sitaitaja, maana bado ndiyo inayonilipa. Naomba nafasi niseme jambo ambalo kazini tunalisema tukiwa wawili tu, tena kwa utani.

Miaka kadhaa iliyopita, alfajiri, basi liliparamia lori lililoharibika barabarani bila taa. Nilikwenda safari tatu. Huku kwetu dereva haishii kwenye usukani: unabeba machela, unamshikilia majeruhi kichwa, na mkisharudi gari unaliosha mwenyewe. Nilipomwaga maji ya jiki sakafuni, yalitoka machungwa matatu chini ya kiti. Ya Muheza yale, mtu kawanunulia wanawe dirishani. Nikabaki nayo mkononi sijui niyapeleke wapi. Mochwari wanaandika simu, pochi na viatu. Machungwa hayana mstari kwenye daftari lao. Saa mbili asubuhi gari lile lile nikaenda nalo kuchukua chanjo.

Mpaka leo juisi ya machungwa hainipiti kooni. Ramadhani mama watoto akikamua, nasema tumbo linanisumbua.

Baada ya siku chache alikuja mshauri nasaha. Wakaitwa wafiwa, wakaitwa wauguzi. Madereva na wahudumu wa mochwari hatukuwamo kwenye orodha. Nilipouliza, mkubwa wangu alicheka: "Wewe kazi yako usukani, umeona nini?"

Nilikuwa na mwenzangu, dereva hodari kuliko mimi. Alianza na kiroba kimoja, kile kipakiti cha pombe kali, baada ya zamu, apate usingizi. Viroba vilipopigwa marufuku mwaka 2017 akahamia kwenye gongo. Aliachishwa kazi, na faili lake linasema ulevi. Wala si uongo, alikuwa mlevi. Ila hakuna aliyewahi kumuuliza usingizi ulimpotea lini.

Wapo watakaosema kazi ndiyo hiyo, tuliomba wenyewe. Kweli tuliomba. Lakini Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi ya mwaka 2010, liliweka na maradhi ya akili yanayofuata tukio la kutisha, orodha moja na uziwi wa kelele za viwandani. Anayelainisha ngozi kwa mafuta baada ya kuungua hachekwi. Kwa nini anayeshtuka usiku aambiwe anatafuta tiketi ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili?

Nikiwafikiria waliobeba majeruhi wa moto wa Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, ambako walikufa watu zaidi ya 100, najiuliza wangapi kati yao wanakaa karibu na jiko la nyama choma bila kuinuka. Na wale wavuvi wa Bukoba waliowahi ndege iliyotumbukia ziwani Novemba 6, 2022! Watu 24 walipona, 19 hawakupona. Wavuvi hawana hata mkuu wa kituo wa kumlalamikia.

Sasa, nisieleweke kwamba nataka tukusanywe chumbani kesho yake, kila mmoja asimulie alichokiona. Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri kikao cha namna hiyo; mwingine ndiyo kwanza kinamtonesha. Linachoshauri ni msaada wa kwanza wa kisaikolojia, ambao hata dereva anaweza kufundishwa: kumwangalia mwenzako, kumsikiliza bila kumchokonoa, na kumfikisha kwa mtaalamu ikibidi. Kwa lugha yetu, mtu akuulize umekula, umelala, nani yuko nyumbani. Na baada ya tukio kubwa zamu ibadilishwe, usirudishwe barabarani hata damu haijakauka kwenye viatu. Kisha mwezi ukipita ufuatiliwe tena, maana wengi hali hiyo huwatoka yenyewe, na ambaye bado anaota ndiye wa kupelekwa kwa daktari.

Ufuatiliaji huo uwe wa wote, kuanzia daktari hadi mfagizi wa mochwari. Ukiachwa kwa "mwenye shida aje", hatakuja mtu. Nawaambia kwa nini. Dereva akisema hapati usingizi, jambo la kwanza atanyang'anywa funguo, na funguo ndiyo posho ya safari, na posho ndiyo ada ya mtoto. Kwa hiyo anayetusikiliza asiwe chini ya bosi wetu, na tunayomwambia yasiishie kwenye faili. Akiona mtu hafai kuendesha kwa wiki mbili, apumzishwe na posho yake asipunguziwe. Hapo utaona foleni.

Hospitali ambazo tayari zina mshauri nasaha zinaweza kuanza mwezi huu bila bajeti mpya: wachukue ile orodha ya wauguzi, waongeze majina yetu chini.

Dereva wa gari la wagonjwa,
Tanga (jina limehifadhiwa)