Boya la elfu moja na boya la elfu moja mia sita: kwa nini bei hazifanani

Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, likianza kulegea, mwezi wa tisa hivi, vyombo huanza kupanda kutoka Zanzibar na Tanga kuja Mtwapa na Kilifi, na malalamiko nayo yanapanda navyo. Nahodha ameleta yoti ya tajiri wake, amelala kwenye boya letu la kukodisha usiku kumi, tajiri yuko Ulaya anasoma bili kwenye simu na kuuliza mbona jirani anatoza shilingi 1,000 kwa usiku nasi tunatoza 1,600. Nahodha anaonekana amekula hela, sisi tunaonekana wezi. Juzi mmoja ameandika waziwazi kwamba amepunjwa. Basi hesabu yote hii hapa, manahodha, mtumieni tajiri kabla hamjafika, msibishane naye baada ya kuondoka.

Kwanza, msilinganishe boya la horini, yaani kwenye mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na marina kamili. Marina kamili, kama ile ya Eden Island huko Shelisheli, ni gati linaloelea: unafunga chombo ubavuni, unachomeka umeme, unafungua bomba, unashuka kwa miguu mikavu. Bei yake hupigwa kwa urefu wa chombo, mita kwa mita, na katamarani, yoti yenye matumbo mawili, kwa kuwa inakula nafasi ya vyombo viwili hutozwa mara moja na nusu au mara mbili. Umeme na maji mara nyingi husomwa kwenye mita ya matumizi na kuongezwa juu. Shelisheli tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki mita 2. Huku kwetu bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupandisha maji mita 3 na zaidi, hukaribia 4. Gati lisiloelea kwa maji kama hayo ni adhabu: ukikaza kamba wakati yamejaa, yakipwa chombo kinaning'inia, ukizilegeza, kinabebwa na mkondo na kugonga nguzo. Gati la kuelea nalo linahitaji nguzo ndefu, daraja la kushukia na pesa ambazo vyombo vichache vya msimu haviwezi kuzirudisha. Kwa hiyo huku mgeni hupata boya, au hutia nanga yake. Vilabu vingi vya mashua humwandikisha uanachama wa muda, na ada hiyo huwa ni kitu mbali na ada ya boya. Ulizeni zote mbili.

Nanga ni bure. Hatubishi, na kama una mnyororo wa kutosha na mtu anayejua kazi analala chomboni, tia nanga yako na Mungu akubariki. Tatizo ni kwamba wengi hupima kina wakati wowote waliofika. Chukua chombo kilichofika saa nne asubuhi siku ya bamvua, maji yamepwa kabisa, kipimo kinasoma mita 6. Nahodha anazidisha mara 5, anaachia mita 30, anaenda kulala. Ikifika saa kumi jioni maji yamepanda mita 3.5. Ongeza mita 1.2 za kutoka maji hadi omo, yaani mbele ya chombo, kina cha kweli cha nanga yake ni mita 10.7. Mita 30 gawa kwa 10.7 ni mara 2.8, na hapo mnyororo hauvuti nanga kwa kulala tena, unaivuta kwenda juu. Upepo ukishika, nanga inaburuta. Hesabu sahihi ni 10.7 mara 5, yaani karibu mita 54 za mnyororo. Kama sehemu kubwa ni kamba, zidisha mara 7 upate mita 75.

Sasa mita 54 za mnyororo pamoja na chombo cha mita 12 ni duara lenye nusu kipenyo cha mita 65 hivi. Mkondo ukigeuka, na hugeuka mara nne kwa siku, chombo kinazunguka duara hilo lote. Horini penye vyombo vingine nafasi hiyo haipo. Ndipo mtu anapofupisha mnyororo ili asigonge jirani, na hapo ndipo nanga inapohama. Kinachouzwa kwenye boya, zaidi ya kitu kingine, ni duara dogo.

Na boya lenyewe ni nini? Kile kipira cha rangi unachokiona juu ni sehemu ya bei rahisi kuliko zote. Muulize mwenye boya kilichoko chini.

Chini kuna uzito unaolishikilia boya. Zege hupoteza uzito likiingia majini, karibu asilimia 43. Bonge la tani 2 nchi kavu ni tani 1.15 tu likiwa chini. Chuma hupoteza asilimia 13 hivi, ndiyo maana watu hupenda kuzamisha injini kuukuu ya gari. Lakini injini ya kilo 200 itabaki kama kilo 174, na hizo zinafaa ngalawa, si yoti ya tani 10. Matairi yaliyojazwa zege nayo yapo mengi. Yakipangwa matatu yakafungwa mnyororo mmoja, mfungaji huhesabu uzito wa nchi kavu, na mteja huambiwa "tani moja hiyo". Bonge letu la tani 2 tunaliacha lizame kwenye tope kabla ya kulikodisha, maana tope likishalikumbata ndipo linashika kweli. Bonge lililotupwa wiki iliyopita bado halijashika, hata liwe zito vipi.

Juu ya bonge kuna mnyororo mzito wa milimita 22 unaolala chini, kisha mwembamba wa milimita 13 unaopanda hadi kwenye boya. Mnyororo hauliki sawasawa. Unaliwa pale unapoinuka na kulala kila maji yakijaa na kupwa, vipande vinasuguana na mchanga unaingia katikati kama msasa. Mtu akivuta boya juu akaona pete za karibu na boya ni nzima, hajaona kitu; zilizokwisha ziko mita kadhaa chini. Mzamiaji wetu hushuka kila miezi sita na kifaa cha kupimia unene: pete ya 13 ikifika 10, mnyororo unatoka. Kwa mafundi wanaotengeneza boya lao wenyewe, neno moja: pini ya pingu, kile chuma cha kuunganishia mnyororo, ifungwe kwa waya uliopakwa zinki, msiweke waya wa stenlesi kwenye pingu iliyopakwa zinki. Kwenye maji ya chumvi stenlesi huifanya pingu iliwe upesi, na mnafungua mkikuta pini nyembamba kama msumari.

Urefu nao. Anayetaka kuokoa hukata mnyororo ukatosha maji ya kawaida. Boya la namna hiyo hukaa vizuri siku zote za maji mafu, yaani siku maji yasipojaa wala kupwa sana, kila mtu akalisifu kwa bei. Bamvua ikija, maji yanapojaa hadi mwisho, mnyororo unanyooka wima, na chombo chenyewe kinavyoinuka na wimbi kinalivuta bonge kutoka kwenye tope. Halafu boya linatembea usiku wa upepo. Kwa hiyo ukiambiwa "halijawahi kuhama", uliza kama limepitia bamvua na chombo kizito kikiwa kimefungwa.

Sasa njia ya mkato tunayoikuta karibu kila wiki, na hii haihusu bei. Nahodha anapitisha kamba moja kwenye pete ya boya na kuirudisha omoni, ili asubuhi aachie upande mmoja na kuondoka bila kuinama. Kwa nusu saa ya chakula cha mchana, sawa. Kwa usiku, hapana. Chombo kikiyumba kushoto na kulia, kamba inateleza ndani ya pete ya chuma huku na huku, mahali palepale, usiku kucha. Kamba ya milimita 20 ikishikwa asubuhi utakuta nyuzi zimesimama kama nywele na upande mmoja umekatika nusu. Funga kamba mbili mbalimbali, moja kila upande wa omo. Kila moja izungushwe pete mara mbili ndipo ipigwe fundo la kitanzi, hapo haitelezi. Pale kamba inapopita ukingoni mwa omo, ivishe kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa, ukifunge kwa uzi kisikimbie. Kamba iwe ya nailoni inayovutika. Zile za bluu za madukani zinazoelea jua huzikausha zikawa unga.

Turudi kwenye bili. Namba hizi ni za mfano, wekeni zenu. Watu wanne, usiku kumi. Kwa jirani, boya 1,000 mara kumi ni 10,000. Boti ya kuwavusha kwenda na kurudi 300, mara mbili kwa siku, ni 6,000. Mlinzi wa usiku 500, jumla 5,000. Maji lita 400 ni madumu 20 ya lita 20, kila dumu 50 likiletwa chomboni, ni 1,000. Jumla 22,000. Boya la 1,600 lenye boti na mlinzi ndani yake ni 16,000, ongeza maji 1,000, jumla 17,000. Nanga yako mwenyewe, ukilipa boti, mlinzi na maji, ni 12,000, na ndiyo nafuu ya kweli ikiwa chombo hakiachwi bila mtu. Anayekiacha kwenye nanga aende Nairobi siku tano hajaokoa chochote, amebahatisha tu.

Mlinzi si wa kuzuia chombo kuibwa. Anazuia wizi wa injini ya dingi, ile mashua ndogo ya kushukia nchi kavu. Dingi iliyofungwa nyuma ikielea usiku, hata ikiwa na mnyororo, inatamanisha. Ivute juu ya maji kwa kamba ya kupandishia tanga, ibaki ubavuni.

Dizeli hutuletea maneno pia: "Mbona si bei ya pampu?" EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei ya juu kabisa ya kila mji tarehe 14 ya mwezi, na sisi tunanunua kwa bei hiyohiyo kama wewe. Kinachoongezeka ni tuktuk hadi ufukweni, boti hadi kwako, na kuchuja. Kuchuja ndiko kunakochukua muda, dumu baada ya dumu kwenye kichujio chenye kikombe cha kuonea maji chini. Anayemimina moja kwa moja kutoka dumu lililokaa juani ataokoa shilingi chache kwa lita, kisha atamlipa fundi kusafisha tangi na nozeli za injini. Ada za serikali, uhamiaji na forodha si zetu wala hatuzigusi. Mgeni kutoka nje ya Afrika, isipokuwa wa nchi zilizosamehewa, aombe eTA, yaani idhini ya kusafiri ya mtandaoni, kabla ya kung'oa nanga alikotoka, utaratibu ulioanza Januari 2024.

Kitu kimoja kwa wanaotaka kukalisha chombo mchangani wakwangue chaza na kupaka rangi, maana hapo ndipo watu hupoteza wiki mbili. Usipandishe chombo mchangani siku ya kilele cha bamvua. Maji ya siku ya pili yake yanakuja chini kidogo, ya tatu chini zaidi, na chombo kilichopanda kwenye maji ya juu kabisa kinabaki hapo hadi bamvua nyingine, karibu siku 14, huku ada ikihesabiwa. Panda siku mbili au tatu kabla ya kilele, wakati kila maji yanapita yaliyotangulia. Tangulia kuweka magogo ya kuegemea, na uangalie mahali penyewe siku moja kabla yakiwa yamepwa, kama kuna jiwe.

Kabla ya kuja tuandikie urefu, uzito, kina cha mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na urefu wa mlingoti kutoka majini hadi ncha ya antena, hasa ukitaka kupita chini ya daraja la Kilifi au la Mtwapa. Katamarani haitozwi mara mbili kwetu. Inapewa bonge zito zaidi kwa sababu ya upepo inaoubeba, na tofauti ya bei ni hiyo tu. Mpango wa kuingia uwe siku za maji mafu. Siku hizo maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, jua bado liko nyuma yako upande wa bahari, na mwamba unauona. Siku ya bamvua saa hiyohiyo yamepwa, na ukingoja yajae jua litakuwa usoni.