Kuhusu Hisabati ya binti yetu kabla ya Septemba

Morogoro,
14 Juni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku mji kasoro bahari. Sisi wazima, watoto wamefunga shule na nyumba haikaliki kwa kelele. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote: binti yetu wa darasa la saba amepata 17 kati ya 50 kwenye mtihani wa majaribio wa Hisabati, mtihani wenyewe wa kumaliza shule ya msingi ni Septemba, na wewe unauliza ufanyeje. Jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu, ndiyo maana nimekaa chini na kalamu.

Tuanze na hiyo 17 kati ya 50 iliyokukosesha usingizi. Alama 17 ni daraja D, na C inaanzia 21. Ni alama nne tu, shoga. Halafu fikiria hivi: maswali 40 ya mwanzo ni ya kuchagua, kila swali lina majibu matano. Mtoto asiyejua chochote akisiliba, yaani akitia kivuli herufi ya jibu, kwa kubahatisha ataambulia kama nane. Binti yetu amepata zaidi ya mara mbili ya hapo. Nimekaa na darasa la saba miaka mingi na alama hiyo naijua sura yake: ni ya mtoto anayejua mambo mengi nusunusu. Akili anayo, ila kuna mahali pamelegea huko nyuma, darasa la nne au la tano, na kila kinachojengwa juu yake kinatikisika.

Kwa hiyo hilo la tuisheni kumpa mitihani iliyopita mitatu kwa siku silikubali, na nakwambia waziwazi kwa sababu ni pesa yako na ni mwanetu. Mtoto asiyeweza kujumlisha sehemu ukimpa mitihani kumi atakosa sehemu mara kumi, kisha ataamini kwamba yeye na sehemu hawapatani. Mitihani iliyopita ina wakati wake, nao ni Agosti. Sasa hivi ni wakati wa kutafuta palipolegea.

Utapatafutaje? Chukua huo mtihani wa majaribio, uweke mezani, alama iliyoandikwa juu uifunike. Nenda kwenye maswali aliyokosa, moja moja, umuulize: "Hapa ulifikaje?" Kisha nyamaza. Usimsahihishe, usigune, usimwangalie baba yake. Mwache aeleze kwa mdomo. Huhitaji kuijua Hisabati ili kusikia mahali sauti inaposhuka na mtoto anaanza kusema "halafu mwalimu alisema tunafanya hivi". Hapo ndipo alipokariri bila kuelewa. Andika mada hiyo kwenye daftari, endeleeni na swali linalofuata.

Nakutolea mifano ninayokutana nayo kila mwaka, uone ninachosema.

Mpe ¾ + ⅙. Wengi wataandika 4/10, wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Ukimwambia "umekosa, tafuta KDS", yaani kigawe kidogo cha shirika, atatafuta KDS leo na kesho atasahau. Muulize kwanza: robo tatu ya kilo ya sukari ni zaidi ya nusu kilo au pungufu? Atasema zaidi, dukani anatumwa kila siku. Na 4/10 je? Ni chini ya nusu. Sasa inakuwaje umeongeza sukari halafu ikapungua? Mwache ashangae mwenyewe. Akishashangaa, ndipo umwonyeshe kwamba vipande lazima viwe vya ukubwa mmoja kabla ya kuhesabiwa pamoja: 9/12 na 2/12, jumla 11/12. Mtoto aliyepita kwenye mshangao huo hurudi kwenye 4/10 kwa nadra sana.

Wa pili ni wa saa, na huu unawaangusha hata wanaofanya vizuri. Basi limeondoka saa 4:35 asubuhi, limefika saa 7:10 mchana, limetumia muda gani? Mtoto anapanga 7.10 kutoa 4.35, anakopa kama alivyozoea, anapata 2.75, anaandika saa 2 dakika 75. Kosa liko kwenye kukopa. Saa moja ukiikopa inakuja na dakika 60, si 100. Kwa hiyo 7:10 inageuka saa 6 na dakika 70, ukitoa 4:35 unabaki na saa 2 na dakika 35. Mfundishe na njia ya wasafiri: kutoka 4:35 hadi 5:00 ni dakika 25, kutoka 5:00 hadi 7:00 ni saa mbili, ongeza dakika 10. Jibu ni lile lile. Na mtoto mwenye njia mbili anaweza kujikagua mwenyewe, jambo ambalo kwenye chumba cha mtihani hakuna mwingine wa kumfanyia.

Wa tatu ni mafumbo, na hapa nakuomba uweke nguvu kuliko kwingine kote. Mfano: "Mfugaji alinunua mbuzi kwa shilingi 80,000 akamuuza kwa faida ya asilimia 15. Alimuuza kwa shilingi ngapi?" Kwenye majibu ya kuchagua utakuta 12,000, na 68,000, na 95,000, na 92,000. Hayo hayakuwekwa ovyo. 12,000 inamsubiri mtoto aliyetafuta faida akasahau kuendelea. 68,000 inamsubiri aliyetoa badala ya kujumlisha. 95,000 ni ya yule aliyedhani asilimia 15 ni shilingi 15,000. Mtoto akiona namba aliyoipata imo kwenye orodha anafurahi, anasiliba, anasonga mbele. Ndiyo maana wengi hutoka mtihanini wakisema ulikuwa rahisi.

Mzoeshe hivi: kabla hajagusa kalamu, asome fumbo lote, kisha aseme kwa maneno yake kinachoulizwa. "Wanataka bei ya kuuzia." Basi. Apigie mstari hapo. Akishapata jibu, arudi kwenye ule mstari ajiulize kama alichopata ndicho kilichoombwa, na kama kinaingia akilini: kama kuna faida, bei ya kuuzia lazima iizidi 80,000. Hilo peke yake linafuta majibu mawili kati ya manne niliyokutajia. Fanyeni mafumbo mawili kila jioni kwa namna hiyo, si zaidi. Na usiogope kumtungia ya kwenu. Wewe unauza vitenge, una faida na hasara kila siku mbele yake. Mpe bei halisi za dukani.

Kuna kitu kidogo kuhusu MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Watoto wanaikariri kama wimbo na inawasaidia, lakini wengine wanaichukua kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa kila mahali. Mpe 12 − 5 + 3. Akikujibu 4, mwambie kujumlisha na kutoa vina haki sawa, unaanza na kinachotangulia kushoto. Jibu ni 10.

Maswali matano ya mwisho ni ya kuonesha njia, na kila moja lina alama mbili. Jumla alama 10, shoga, na watoto wengi huyaacha wazi au huandika jibu tupu. Tangu sasa kila hesabu anayofanya nyumbani iwe na njia, hatua chini ya hatua, alama ya sawasawa chini ya mwenzake. Jometri nayo hupenda kukaa hapo. Eneo la pembetatu, mzingo wa duara, ujazo: asianze na kanuni, aanze kwa kuchora umbo na kuandika vipimo juu yake. Mnunulie mkebe mpya wa vifaa vya jometri kama ule wa zamani bikari yake imelegea, maana pembe iliyochorwa vibaya inamkatisha tamaa bila sababu.

Kama mwalimu wake wa shule anaweza kukusaidia, muulize kuhusu taarifa ya uchambuzi wa majibu ambayo Baraza la Mitihani hutoa kwa kila somo. Iko kwenye tovuti yao, ni bure, na ndani yake kuna picha za majibu halisi ya watahiniwa, mazuri na mabaya, na maelezo ya kwa nini walikosa. Mimi hufundishia hiyo. Mwonyeshe binti jibu la mtoto mwenzake lililokosewa, umwambie atafute kosa liko wapi. Watoto wanaipenda kazi ya kusahihisha kuliko kufanya.

Sasa la baba yake. Kauli ya "ukoo wetu hatuna Hisabati" naomba isisemwe tena mbele ya mtoto, hata kwa utani. Ana miaka kumi na mitatu, anamwamini baba yake kuliko anavyoniamini mimi. Na fimbo pia muiweke mbali na daftari la Hisabati. Mtoto mwenye hofu hutafuta jibu la kukuridhisha haraka, wakati mimi nataka atulie kwenye swali. Muda wa saa moja tu kila jioni baada ya kula unatosha, na saa tatu usiku awe amelala.

Nimepanga hivi: likizo hii sehemu, desimali na asilimia tu, kwa kutumia kitabu cha darasa la tano bila aibu. Julai muda, vipimo, jometri na mafumbo. Agosti ndiyo mitihani iliyopita, mmoja kwa wiki, kwa muda kamili na kwa kusiliba kwa penseli kabisa, kisha siku zinazofuata ni za kuuchambua.

Kwa kuanzia, nipigie picha kurasa za daftari lake za mada ya sehemu unitumie Jumamosi. Mwambie asifute chochote wala asinakili upya. Nayataka makosa yake kama yalivyo.

Msalimie sana baba, na mkumbatie binti yetu kwa niaba yangu.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu