Barua ya wazi kwa vijana wa kipaimara: debe langu na maneno ya Bwana

Wajukuu zangu wa darasa la kipaimara, hapa chini ya mlima Mtandi, Masasi,

Shikamoo zenu zimenifikia, marahaba. Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie habari ya kumfuata Yesu, akaongeza kwamba nisiwachoshe. Hilo la pili sikuahidi.

Siku mlipokuja kunisalimu, mmoja wenu aliuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini tuyashike maneno ya Yesu kuliko ya wahubiri wengine wanaojua kusema, maana siku hizi kila simu ina nabii wake. Nilicheka tu, chai ilikuwa inapoa. Jibu ninalo.

Mliopita jandoni mnajua maneno ya kule yanavyosemwa. Kungwi hasemi "mimi naona". Anasema wazee walisema, nasi tuliambiwa hivyo hivyo. Nguvu yake ameikopa kwa waliomtangulia, na ukimhoji sana anakuwa mkali. (Ya unyago wasichana mnayajua wenyewe, mimi simo.) Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi, aliyewekwa mwaka 1926, aliuona uzito wa maneno hayo, ndiyo maana hakulifuta jando bali alilitia ndani ya Kanisa. Waandishi wa Kiyahudi nao walifundisha kwa mtindo huo: mwalimu fulani alisema, naye alisikia kwa fulani. Si kosa. Hata manabii walitanguliza "Bwana asema hivi".

Yesu akaja na lake: mmesikia walivyoambiwa watu wa kale, lakini mimi nawaambia. Halafu lile neno amin. Sisi tunaliweka mwisho, kuitikia dua aliyoomba mwingine, na Wayahudi walifanya hivyo hivyo. Yeye analiweka mwanzoni mwa maneno yake mwenyewe: "Amin, nawaambia." Nimelisoma kanisani miaka mingi kabla halijanishtua. Mtu anayejiitikia amin kabla hata hajasema! Jandoni angefukuzwa.

Mathayo anasema makutano walishangaa, kwa kuwa alikuwa akiwafundisha kama mtu mwenye amri. Angalieni vizuri: walishangaa. Hakuandika kwamba walienda wakayatenda. Kushangaa hakuna gharama. Mimi nilikuwa msomaji wa kanisa, nguo nyeupe imepigwa pasi, nashangaa kila Jumapili, na Jumatatu nanunua korosho kwa kangomba, yaani kwa kipimo cha debe badala ya mizani.

Niwaeleze mwenyewe, kwa kuwa najua mmeshasikia nusu. Ilikuwa kabla ya 2007, mwaka ulipoanza huku kwetu Mtwara mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza korosho kupitia maghala. Jirani yangu alikuwa mjane. Februari, njaa ilipobana na mahindi mapya bado mabichi shambani, nilimpa madebe mawili ya mahindi, naye akaahidi kunilipa madebe sita ya korosho zikianguka. Oktoba nikaenda na debe langu. Debe lile nilikuwa nimeligonga kwa ndani mpaka kitako kikatuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nikajaza, nikalisuka, korosho zikashuka. Nikaongeza, nikashindilia kwa kiganja, nikalisuka tena. Mara sita. Yule mama alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakusema neno.

Jumapili iliyofuata zamu ya kusoma ilikuwa yangu, Luka sura ya sita. Nikasoma kwa sauti yangu ile mnayoijua, mpaka nikafika hapa: "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika". Kucha zangu bado zilikuwa na weusi wa mabibo. Nikaziona juu ya kitabu. Nikameza mate nikaendelea, kibanzi, boriti, mti na matunda yake, kisha: "Na kwa nini mwaniita Bwana, Bwana, walakini hamyatendi nisemayo?" Padri alidhani nina malaria.

Wajukuu, hapo ndipo nilipojua maneno ya nani haya. Wahubiri wengi wamenisisimua, na wachache wamenitoa machozi. Hakuna aliyewahi kuja ghalani kwangu akaniambia habari za kitako cha debe. Na Yesu hakuniuliza naonaje. Alitaka nitende.

Kumfuata nako ni vivyo hivyo, ni kazi ya miguu. Watumwa walioachwa huru ambao Askofu Steere alikuja nao Masasi mwaka 1876 walipanda kutoka Lindi kwa miguu, na ndio walioanza kanisa hili. Simoni naye: amevua usiku kucha, hajapata kitu, anaosha nyavu, na seremala anamwambia arudi kilindini mchana. Mwambieni hivyo mvuvi wa Mikindani, mtasikia atakavyowajibu. Simoni akasema, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Hakusema ameelewa.

Kuna maneno mengine siyawezi kuyalainisha. Yule aliyeomba ruhusa akamzike baba yake, akaambiwa awaache wafu wazike wafu wao. Hapa kwetu ukikosa matanga unasemwa mpaka wajukuu. Neno hilo linanikereketa hadi leo, na sitawadanganya kwamba nimepata njia ya kulizunguka. Mkilifikia, msiliruke.

Mnataka kujua ya debe yaliishaje. Jumatatu nilipakia korosho kwenye baiskeli, madebe sita, nimepima kwa debe zima la jirani mwingine, mahindi yangu nimeyasamehe. Nikajiona Zakayo. Nikamkuta yule mjane anafagia. Nikajieleza kwa kirefu, na Luka nikamtaja, ingawa yeye ni Mwislamu na Luka hajawahi kumsoma. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akayatazama magunia.

"Umepima kwa debe gani, shemeji?"

Nikamwambia.

"Kalilete lile lako."

Nikarudi kulileta. Akajaza mwenyewe, akalisuka, akashindilia kwa kiganja, akalisuka tena. La sita halikujaa, nikaenda ghalani kuongeza.

Ni mimi babu yenu,
Masasi