Hasara ya soko isichanganywe na wizi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa Moshi linajadiliwa kwa kuchanganywa, na mchanganyiko huo unawanufaisha matapeli. Mtu akipoteza fedha katika sarafu za kidijitali, baadhi ya majirani husema ametapeliwa, wengine husema biashara ndivyo ilivyo, ina kupata na kukosa. Ni nadra kumsikia anayeuliza fedha zenyewe zilikwenda wapi.

Bei kushuka peke yake si ushahidi wa utapeli. Bitcoin, sarafu ya kidijitali inayojulikana zaidi, ilikaribia dola 69,000 mwezi Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Aliyenunua bei ikiwa kileleni aliumia vibaya, lakini bei hiyo ilionekana na dunia nzima, na kama sarafu alikuwa nayo mwenyewe, angeweza kuiuza siku yoyote kwa bei ya siku hiyo. Mkulima wa kahawa wa Kibosho anaifahamu hali hii: bei ya mnadani ikianguka anapata hasara, ila hawezi kusema ameibiwa ikiwa kilo zake zilipimwa sawasawa. Mimi simshauri mtu kuweka ada ya mtoto katika sarafu hizi, na Benki Kuu ilikwishatoa tahadhari yake mwaka 2019; hata hivyo uwekezaji mbaya si jinai.

OneCoin ilikuwa kitu kingine kabisa. Watu waliuziwa sarafu isiyokuwa na blokcheni ya kweli, yaani lile daftari la miamala ambalo yeyote anaweza kulikagua. Bei ilipangwa na wauzaji wenyewe, na wanachama walilipwa kamisheni kwa kuingiza wengine. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka mwaka 2017, na mwenzake Karl Sebastian Greenwood alihukumiwa kifungo cha miaka 20 nchini Marekani mwaka 2023. Ipo pia hali ya FTX, soko la mtandaoni la sarafu hizi, ambako sarafu nyingi zilizouzwa zilikuwa halisi lakini fedha za wateja zilitumiwa kinyume na walivyoahidiwa, na mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kama sarafu ni ya kweli. Ni lazima kuuliza pia nani anaishika.

Nimeonyeshwa simu ya mama mmoja muuza mitumba wa soko la Memorial. Programu aliyowekewa inaonyesha salio la shilingi milioni nne na ushee, tarakimu za kijani zikipanda. Fedha zake alizituma kwa namba za simu za watu binafsi, kila mara jina jingine. Mwanzoni alijaribu kutoa elfu hamsini, zikatoka, ndipo akaingiza mtaji wa biashara. Sasa kila akitaka kutoa anadaiwa atangulize asilimia kumi ya “kodi”, na aliyemwingiza kwenye kundi la WhatsApp anamwambia avumilie kwa sababu soko limeshuka, ilhali tarakimu zile bado zinapanda! Kodi ya zuio ya asilimia 3 iliyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2024 kwa mali za kidijitali hukatwa ndani ya malipo yenyewe, wala haitumwi kwanza kwenye simu ya mtu. Mama huyu hajafika polisi kwa kuwa ameaminishwa kwamba amepata hasara ya biashara, na hilo ndilo linalonichoma.

Ninawaomba waandishi wenu, habari za namna hii zinapowafikia, waandike fedha zilipokelewa na nani, kama mwekaji aliweza kuzitoa zote, na faida iliyoahidiwa ilitegemea nini. Anayeahidi asilimia moja kwa siku anadai kwamba laki moja, faida ikilimbikizwa, itapita milioni 3.7 kwa mwaka. Wasomaji waonyeshwe hesabu hiyo. Na yeyote aliye katika hali ya mama huyu asifute ujumbe wala namba za miamala, bali aziwahishe polisi na kwa kampuni yake ya simu, tena asimlipe mtu anayejitokeza kudai ada ya kumrudishia fedha zake, kwa kuwa mara nyingi huyo ni tapeli yuleyule au mshirika wake.

Msomaji wako,
Pasua, Moshi