Mbwa Wako Anachechemea? Kabla ya Akupancha, Tuanze na Damu Yake

Maswali kuhusu akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, yameongezeka sana hapa kliniki yetu ya wanyama. Wengine wamehamia Dodoma na mbwa wao waliozeekea Dar es Salaam, wengine wameona mtandaoni video ya mbwa aliyetulia huku mgongo umejaa sindano. "Daktari, mzee wetu huyu kuamka asubuhi ni kazi. Mkimchoma zile sindano si atapona?"

Sindano zinaweza kumpunguzia maumivu. Ila hatumchomi mbwa yeyote kabla hatujajua kinachomchechemesha, na kwa hapa kwetu wa kwanza kumshuku ni kupe.

Yule kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia hategemei majani marefu. Anajificha kwenye nyufa za banda na za ukuta, ndiyo maana hata kiangazi cha Dodoma hakimmalizi. Huleta babesia na erlichia, magonjwa ya damu. Mbwa anapata homa, anasusa chakula, fizi zinapauka, viungo vinauma mpaka anatembea kama kikongwe. Nyumbani mnasema ni uzee, kumbe anaumwa. Tena erlichia hupunguza zile chembe zinazosaidia damu kuganda, kwa hiyo ukimchoma sindano nyingi mbwa mwenye ugonjwa huo anaweza kuvuja damu. Basi tunachukua damu kidogo na kuipima kwanza. Ikiwa ni erlichia, tiba yake ni antibaiotiki iitwayo doksisaiklini kwa takriban wiki 4, na kupe wasafishwe bandani pia. Akupancha haiui vimelea.

Vipimo vikiwa safi, na tukashika viungo tukakuta ni baridi yabisi ya uzee au mgongo unaobana neva, hapo tunazungumza. Sindano ya akupancha haina tundu wala dawa. Ni waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, hutumika mara moja na kutupwa. Huachwa mwilini dakika 15 hadi 30. Inaamsha neva, mwili unatoa endofini, ambazo ni dawa zake wenyewe za maumivu, na misuli iliyokaza inalegea. Mbwa wengi hutulia, wengine husinzia kabisa. Kwa kawaida huanza mara moja kwa wiki, na baada ya awamu 4 hadi 6 tunakaa na wewe tuone kama kuna nafuu. Kama hakuna, tunaacha. Hatutaki pesa yako iende bure.

Wachina wameitumia kwa farasi kwa karne nyingi, na chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wanaofanya akupancha, IVAS, kilianzishwa mwaka 1974. Hata hivyo utafiti kwa mbwa bado ni mdogo na matokeo yake hayafanani. Sisi tunaitumia kusindikiza dawa, si kuziba nafasi yake. Atakayekuambia inatibu saratani au parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoharisha mbwa damu, mkimbie. Na yeyote anayetaka kumchoma mnyama wako, muulize kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania.

Yapo ya nyumbani yenye uzito kuliko sindano. Mbwa mnene apunguziwe ugali, maana kila kilo ya ziada inakaa juu ya goti linalouma. Asilale kwenye saruji tupu, hasa Juni na Julai usiku unapokuwa na baridi kali. Mtembeze kidogo kidogo alfajiri, kabla ya jua.

La dawa za binadamu tunalisema kwa uchungu, maana wanyama wanakufa kwa nia njema. Panadol inaua paka. Hata kidonge kimoja kinatosha. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Mafuta ya mikaratusi na ya karafuu, ambayo wengine huyaita tiba asilia, ni sumu kwa paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuyavunja. Usimpake.

Ukija, tuletee video fupi ya simu inayomwonyesha anavyoinuka asubuhi, kwa sababu hapa kliniki hofu humfanya afiche maumivu. Njoo na majina ya dawa zote alizopewa, hata za duka la jirani, na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa.