Redio yako ya Okean haishiki FM za hapa? Hujatapeliwa, ila usimpe mtu aikate

Wiki iliyopita kaja kaka mmoja kakasirika kweli, kaitua Okean 209 mezani anasema nirudishieni hela yangu, redio mmeniambia ina FM na toka Jumapili nazungusha napata makelele ya mawimbi tu. Huyo ni wa nne mwaka huu, na tuliwaambia wote siku wananunua, ila sawa, naandika hapa ieleweke.

Redio ni nzima. Okean ilitengenezwa Minsk, enzi za Usovieti, na pale kwenye kioo penye herufi УКВ ndo FM yenyewe, ila ni FM ya Wasovieti, inaanza megahezi 65.8 inaishia 73. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Hata upandishe antena juu ya mnazi hazikutani. Zile za kuuza nje walizoziita Selena, kuna ambazo ziliwekewa 88 mpaka 108, ndo maana jirani anaweza kuwa na redio unayoona ni pacha wa yako na inapiga vizuri tu.

Sasa bei, maana hapo ndo tunaitwa wezi. Kufunga konveta ni elfu 40, hicho ni kibao kidogo cha saketi kinachoshusha stesheni ziingie kwenye masafa ya redio, hatukati kitu na siku ukitaka kinatoka. Ila dirisha la redio lina upana wa megahezi 7 tu na stesheni zimetawanyika kwenye 20, kwa hiyo lazima utuambie unasikiliza zipi, hutapata zote. Ukitaka zote ni elfu 120, na hapo tunasuka upya koili, zile nyaya za kuviringa zinazochagua masafa, na kubadilisha kapasita zake pia, kwa sababu koili peke yake inahamisha masafa lakini haiyatanui vya kutosha. Kazi ya siku mbili, na siku ya pili nzima ni kuzungusha viini vilivyo ndani ya koili robo robo kwa kijiti cha plastiki tulichochonga kwenye mpini wa mswaki, unazungusha, unatoa mkono, unasikiliza, maana mkono tu ukiwa karibu stesheni inahama.

Watu wanasikia elfu 120 wanaenda kwa wa elfu 15. Kuna dada alituletea redio ya marehemu baba yake, mzee alirudi nayo toka masomoni Urusi, imekaa sebuleni miaka yote haina hata mkwaruzo. Fundi wa elfu 15 kang'oa bloku nzima ya FM kaitupa, kapachika kibao cha saketi cha Mchina kwa gundi, katoboa uso wa redio kwa chuma cha moto ili kitufe cha kuzungushia kipite. Tukalazimika kununua Okean mbovu nyingine tuitoe bloku, na lile tundu lipo mpaka leo, plastiki ya aina ile tutaitoa wapi. Alilipa zaidi ya mara mbili ya bei aliyoikimbia, na dada wa watu alilia pale dukani.

Wengine wanakamata bisibisi ya chuma wanazungusha kila kiini wanachokiona. Viini ni feraiti, vinapasuka ndani ya koili na kuvitoa ni kuchokonoa vumbi kwa sindano. Na fundi aliyezoea redio za Kijapani anaseti ile AM, yaani masafa ya ndani ya redio yenyewe siyo ya stesheni, kwenye kilohezi 455 wakati Mrusi anatumia 465, basi redio iliyokuwa inashika hata stesheni za mbali usiku inabaki bubu na namba za kioo hazisemi kweli tena.

Kaka wa wiki iliyopita nilimtegea masafa mafupi, mita 31, jioni ile ile, akakaa nusu saa anasikiliza. Kaiacha afungiwe konveta.

Kama yako imeshafunguliwa kwingine tuletee na kila kilichotolewa, hata skrubu na vipande vya koili, weka kwenye kimfuko uje nacho. Kuangalia hatutozi.