Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu, wazazi na walezi, pamoja na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu leo, tarehe 5 Juni, na tunaomba utusikilize juu ya jambo moja tu: udongo wa jiji letu la Dar es Salaam uliolowa oili chafu, na viumbe hai wawezao kuusafisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, oili inayomwagwa chini kwenye gereji za mitaani huchukuliwa na mvua za masika hadi mitaroni, na sehemu yake huishia Mto Msimbazi, ambao bondeni mwake hulimwa mchicha na matembele. Baadhi yetu tumekuzwa kwa mboga hizo.

Udongo wenyewe una bakteria na kuvu wanaoila oili na kuivunjavunja hadi sehemu yake kubwa ikawa maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Kinachowakwamisha ni kwamba oili ina kaboni tele lakini haiwapi nitrojeni na fosforasi wanazozihitaji, na tena udongo ulioshindiliwa na magari hauwapitishii hewa. Ndiyo sababu meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta ghafi huko Alaska mwaka 1989, baadhi ya fukwe zilinyunyiziwa mbolea, ili bakteria waliokuwapo tayari wazaliane na kufanya kazi kwa kasi. Sisi tuna neema ambayo Alaska haina, nayo ni joto, kwa kuwa vijidudu hao huchapa kazi zaidi penye joto kuliko penye baridi.

Kwa uangalizi wa mwalimu wetu wa Baiolojia, tulitandaza turubai nyuma ya maabara, tukachanganya udongo wa gereji na samadi ya kuku na maranda, kisha tukawa tunaugeuza ili upate hewa na kuunyunyizia maji bila kuulowesha mno. Harufu ya oili imefifia, na mbegu za maharage tulizopanda zimeota. Hata hivyo hatuthamini sana kuota huko, kwa sababu mmea unaweza kustawi huku umebeba sumu.

Tofauti na oili, madini ya risasi, ambayo hutoka kwenye betri chakavu, hayaliwi na bakteria yeyote wala hayaozi. Kwa baadhi ya madini, kazi yaweza kuachiwa mimea: mwaka 2001 wanasayansi wa Florida walitangaza kwamba aina ya kangaga (mmea usiotoa maua) iitwayo Pteris vittata hufyonza arseniki, sumu nyingine isiyooza, kutoka udongoni na kuirundika majanini. Majani hayo lazima yavunwe na kutupwa kama taka hatarishi, na kamwe mifugo wasilishwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa hiyo ombi letu la kwanza ni kusaidiwa kupima udongo wetu na mboga za bondeni katika maabara yenye vifaa vya kupimia madini, kwani bila vipimo hatuwezi kumwambia mkulima yeyote kwamba shamba lake ni salama. La pili, tunaomba utufikishie kwa halmashauri rai ya kuweka mapipa ya kukusanyia oili chafu karibu na gereji, pamoja na sehemu ya kupokelea betri chakavu, ili mafundi wawe na pa kuzipeleka.

Tunaomba kuwasilisha.